Usimsemeshe Mwenye Straiki

Sheboygan, Wisconsin
17 Septemba 2006

Babu Walter,

Hujambo huko jangwani? Sisi huku wazima. Majani ya mti wa jirani yameanza kudondokea uwanjani kwetu, na mama anamlaani jirani kila asubuhi kabla hata hajanywa kahawa. Bado yuko kiwanda cha soseji. Ananuka vitunguu saumu mpaka paka wa mtaani wanamsindikiza nyumbani. Baba yuko barabarani na lori lake, Jumapili alipiga simu kutoka Texas. Bwana Gutowski wa ukumbi wa bolingi anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke hajapata mtu wa kutoboa matufe matundu ya vidole. Kijana aliyemweka anatoboa matundu kama panya.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Na usijifanye husikii, Mama Mdogo Lucille ameniambia unasikia mpaka redio ya nyumba ya tatu.

Haya, lililonileta ni hili. Kuna kocha wa bolingi wa chuo kimoja cha Nebraska, mwanamke, Kocha Pruitt. Ameniandikia! Kila mwaka anachukua wasichana wawili tu, na chuo kinawalipia masomo miaka yote minne. Anakuja kunitazama tarehe kumi na saba Februari kwenye mashindano ya vijana. Akiridhika, naenda chuo. Asiporidhika, msimamizi wa mama pale kiwandani ameshasema ana aproni ya saizi yangu. Babu, siitaki ile aproni.

Mashindano mwaka huu ni zamu ya ukumbi wa Gutowski tena.

Nina tatizo. Nikipiga straiki saba mfululizo, pini zote kumi chini kwa tufe moja kila mara, tufe la nane linaingia mtaroni kando ya njia. Simaanishi nabakiza pini moja mbili. Mtaroni kabisa, kama mtoto kwenye sherehe ya kuzaliwa. Imeshatokea mara tatu, na watu wameanza kusema.

Halafu dole gumba langu limenenepa, tundu linanibana. Njoo unitobolee upya, na siku hiyo ukae nyuma yangu. Njoo, Babu.

Mjukuu wako,
Renata


Tucson, Arizona
14 Oktoba 2006

Mjukuu wangu mwenye mdomo,

Barua yako imefika na nimeisoma kwa miwani ya Lucille, yangu nimeikalia. Mimi mzima, ila nalishwa majani. Huyu mama yako mdogo alisoma mahali kwamba siagi inaua wazee, basi asubuhi saladi, jioni saladi. Nimemuuliza kama ananinenepesha aniuze. Jua la huku halina adabu, linaingia mpaka chooni. Jirani ana mbwa mdogo anayevaa viatu kwa sababu lami inamuunguza. Viatu, Renata! Babu yangu mimi alitoka Poland pekupeku.

Hongera kwa huyo kocha. Nebraska si mbali, na mahindi ni mengi, hutakufa njaa.

Kuhusu mtaro: hatua yako ya nne kabla ya kurusha unaiharakisha. Ukiharakisha, bega linatangulia, tufe linafuata bega. Hesabu hatua kwa sauti nyumbani, jikoni, mpaka mama yako akufukuze na mwiko. Kuhusu tundu, mwambie yule kijana akupime mkono jioni, siyo asubuhi. Asubuhi mkono umevimba kwa usingizi. Akianza kubisha mwambie umetumwa na Walter Kosmalski, aliyetoboa matufe ya mji mzima miaka arobaini.

Kuja, siji. Goti langu halipendi ndege. Na Gutowski ana viti vingi, akikosekana mzee mmoja hakuna atakayejua.

Msalimie mama yako. Mwambie huku hakuna soseji ya maana.

Babu


Sheboygan
5 Novemba 2006

Babu,

Salamu nyingi, na mama anakusalimu, ingawa hakusema hivyo. Nilipomsomea barua yako alicheka pale kwenye mbwa wa viatu, halafu akaenda kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa. Theluji ya kwanza imeanguka juzi. Wanaume wote wameshaanza kusafisha bunduki za kuwindia paa, hata kaunta ya jeans haina mtu wa kuuza, duka zima ni foleni ya risasi.

Alhamisi tulikwenda misa ya marehemu. Padri alisoma majina ya wote. Alipofika kwa Corey alipaharakisha, nadhani kwa huruma. Kaka yangu angetimiza miaka ishirini mwezi huu. Mimi sasa nina kumi na saba, umri ule ule aliokuwa nao. Mwakani nitakuwa mkubwa kuliko kaka yangu, na sijui hilo linafanywaje.

Babu, si hatua ya nne. Nimehesabu jikoni mpaka mama kaniuliza kama nimejiunga na jeshi. Hatua ziko sawa. Ni ule ukimya.

Wewe ndiye uliyenifundisha, nina miaka mitano, nimekaa juu ya goti lako hilo lisilopenda ndege: usimsemeshe mwenye straiki. Mtu akifikisha tano, sita, mwache. Usimtazame usoni, usimpe mkono, usimtajie hesabu. Ukimsemesha unamvunjia. Watu wa huku nyumba yao ingeungua, wangemgoja kwanza mwenye straiki amalize.

Basi ninavyocheza, straiki ya nne bado wananichekea. Ya tano wanaacha. Ya sita, walio karibu yangu wanahamia viti vya mbali, kama nina ugonjwa. Ya saba ukumbi unanyamaza wote. Na hapo ndipo namsikia Corey. Viatu vyake, vile vilivyokuwa vikilia upande wa kushoto. Vinakuja nyuma yangu mpaka pale nilipo, vinasimama. Nasikia mtu anavuta pumzi kwa shida. Nikigeuka hakuna mtu, viti vitupu tu na watu wanaotazama sakafu. Basi nalitupa tufe mtaroni, makusudi, ili watu waongee. Wanaguna wote kwa pamoja, "Aaah!", na viatu vinaondoka.

Kuna mtu amemwandikia Kocha Pruitt kwamba Renata ana mkono lakini hana moyo.

Ulikaa karibu na Corey siku ile kuliko mtu yeyote. Uliona nini?

Renata


Tucson
16 Desemba 2006

Renata, na mwanangu Darlene,

Krismasi njema. Nimewawekea humu kipande cha mkate wangu mtakatifu, ule mwembamba wa Krismasi tunaovunjiana, nusu nimebaki nayo. Ukivunjika njiani si kitu, unavunjwa tu. Wa kwanza kula awe mama yako.

Huku wanapamba miti ya miiba kwa taa. Nimechoka.

Babu


Sheboygan
7 Januari 2007

Babu,

Mkate umefika vipande vinne. Mama alikula chake amesimama, akasema "Mungu amweke baba," akaenda kulala mapema. Asante. Tulipika pierogi, sambusa zetu za kuchemsha, za kabichi na uyoga kama kawaida, mimi nimezikunja, zimefunguka zote kwenye maji. Ungecheka.

Nilikuuliza swali, ukanitumia salamu za Krismasi. Sawa. Kama hutasema, nitasema mimi, maana nilikuwepo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimekaa kiti cha mwisho na soda yangu. Februari, mashindano haya haya, ukumbi huu huu, njia ya tisa. Kocha wa Corey alishamwambia vyuo vinamtaka. Alipiga ya saba, ya nane. Alikuwa na jasho, na ukumbi ule baridi, kila mtu yuko na koti. Uso wake ulikuwa rangi ya majivu. Kila akirudi kungoja zamu yake anajisugua mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto, Babu, na yeye anarusha kwa kulia. Mama aliona, akainuka. Wewe ukamshika mkono, ukaweka kidole mdomoni. Akakaa. Akapiga ya tisa. Akapiga ya kumi. Akachukua tufe lile ulilomtobolea, akaenda hatua mbili.

Hata alipoanguka watu walichelewa. Mwenye straiki kumi! Nani amguse?

Sikuandikii kukushtaki. Daktari alisema moyo ulikuwa na kasoro tangu azaliwe, huenda hata angepelekwa hospitali mapema isingesaidia. Mama huirudia hiyo "huenda" kila Jumapili halafu hamalizi sentensi. Na mimi nilikuwa na mdomo pia. Ukumbi mzima ulikuwa na midomo. Mama hajakanyaga pale tangu siku ile, akinipeleka mazoezini ananishusha mlangoni na kuondoka.

Siombi unitake radhi. Ukinitaka radhi nitaichana hiyo barua. Naomba uje tarehe kumi na saba, ukae nyuma yangu, uongee. Nikifikisha tano, ongea. Nikifikisha saba, piga kelele. Nisimulie saladi, mtukane Gutowski, imba kama unataka. Usiniachie ule ukimya, maana siku hiyo nikilitupa mtaroni mbele ya Kocha Pruitt, ndiyo basi. Nitavaa aproni.

Renata


Tucson
27 Januari 2007

Mjukuu wangu,

Nashukuru kwa barua. Huku wazima. Lucille amepata mafua, sasa ni zamu yangu kupika, na nimempikia viazi kwa siagi. Amekula vyote bila neno. Mbwa wa jirani amepoteza kiatu kimoja, mtaa mzima unakitafuta. Mvua imenyesha mara moja, watu wakatoka nje kuishangaa.

Jokofu la Lucille linatengeneza barafu lenyewe. Mchana, nyumba imetulia, vipande vinadondoka ndani kwa mpigo kama pini, kra-ka-kra! Halafu kimya. Mimi huacha ninachofanya na kusubiri. Sijui nasubiri nini. Lucille amenikuta mara mbili nimesimama mbele ya jokofu na koti langu mkononi.

Unachoniomba hakifanywi. Baba yangu aliniadhibu kwa fimbo kwa kumuuliza mjomba saa ngapi akiwa na straiki sita. Gutowski atanitoa nje kwa kola ya shati, na atakuwa na haki. Wazazi wa watoto wengine watasema nimekuvunjia. Na ukivunjika kweli je? Huyo mwanamke wa Nebraska akiondoka nami nimefungua mdomo, hilo nalo niende nalo wapi? Nimebakiza mahali padogo sana pa kuweka mambo.

Mwambie mama yako aongee yeye.

Lucille amenunua tiketi ya ndege bila kuniuliza. Nimemwambia airudishe.

Sitakuja. Usinikasirikie sana.

Babu


Sheboygan
25 Februari 2007

Babu,

Umefika salama? Uliacha kofia na skafu kwa Gutowski, na nje ilikuwa baridi ya kukata masikio. Mama amevifua, anavituma kesho. Anasema wewe ni mkaidi kama bawaba yenye kutu, na safari hii alicheka mpaka mwisho.

Ulikimbilia teksi kabla sijavua viatu. Na ulikuwa nyuma yangu muda wote, hukuniona uso. Kwa hiyo nakueleza mimi kulivyokuwa mbele.

Sikujua umekuja. Nilimwona Kocha Pruitt kwenye safu ya pili, koti jekundu, amekunja mikono. Walinipa njia ya tisa. Niliomba kubadilishiwa, mwamuzi akasema haibadilishwi. Mchezo wa tatu nikaanza kupiga: moja, mbili, tatu, nne. Ya tano, yule msichana wa Kenosha niliyekaa naye akahamia kiti cha mbali. Ya sita, kimya kikaanza kutambaa. Nikasikia viatu. Nikasema moyoni, haya, yamenikuta.

Ndipo sauti yako ikatoka nyuma: "Renata! Nani alikufundisha kufunga kamba za viatu? Umefunga kama gunia la viazi!"

Babu, nusura niangushe tufe mguuni. Watu wote: "Shhhh!" Gutowski akapayuka, "Walter, umerukwa na akili? Mtoto ana sita!"

"Najua ana sita, mimi nina macho," ukamjibu. "Wewe ndiye huna. Kijana wako anatoboa matundu kama panya!"

Nikapiga ya saba nikicheka. Nakuapia, nikicheka! Ukaendelea: saladi, mbwa, viatu vya mbwa, bei ya tiketi, mama mzazi wa Gutowski. Mzazi mmoja akasimama kukuomba utoke, nikasikia mama anamwambia, "Mguse baba yangu uone." Hapo ndipo nikajua mama yuko ndani. Sijui ulimtoaje kwenye gari. Nikapiga ya nane. Nikapiga ya tisa.

Halafu ukanyamaza.

Nilikuwa nafuta tufe kwa taulo, zamu yangu bado kidogo. Nikadhani umekauka koo. Ukimya ukajaa tena pale pale ulipokuwa umeondoka. Viatu vikaja, hatua kwa hatua, vikasimama bega kwa bega nami. Sikuthubutu kugeuka. Nikaliinua tufe, nikajua hili linaingia mtaroni.

Ukasema, siyo kwa kelele, kwa sauti yako ya kawaida ya mezani: "Corey. Corey, mwanangu, liweke hilo tufe chini. Uso wako umebadilika. Njoo ukae."

Hakuna aliyesema "shhh." Nilimwona Gutowski, pale kwenye mashine ya soda, anavua kofia.

Nikaliweka tufe. Nikaenda kukaa. Mbele ya Kocha Pruitt, na straiki tisa, nilikwenda kukaa kwa sababu nilisikia sauti yako na miguu ikatii. Mama akaja na maji. Akanishika uso kwa mikono yote miwili. "Unaumwa?" Nikasema siumwi. "Unaumwa?" Siumwi, mama. "Unaumwa?" Mara ya tatu sikujibu, nilitikisa kichwa tu, akaniachia. Mwamuzi akaita njia ya tisa.

Nikarusha. Pini tisa zikaenda, ya pembeni ikabaki imesimama inanicheka. Nikaiondoa kwa la pili, nikamaliza na straiki. Jumla mia mbili sabini na tisa. Sikusikia viatu tena, wala sijavisikia wiki hii nzima.

Kocha Pruitt alitufuata kwenye maegesho. "Niliambiwa unavunjika baada ya saba," akasema. "Leo zimefika tisa, na yule mzee anafoka nyuma. Kwetu mashabiki wanapiga ngoma, utazoea." Babu, amenichukua. Barua ya chuo imefika juzi, mama ameibandika kwenye jokofu.

Halafu akauliza, "Corey ni nani?" Nilitaka kujibu, mama akanitangulia. Alimweleza yote, tumesimama kwenye theluji, mpaka yule mama wa watu akavua glavu akamshika mkono. Sijawahi kumsikia mama akiifikisha habari ile mwisho.

Jambo moja tu. Usijisumbue kwa kuniita jina lake. Wazee huchanganya majina, na kila mtu anasema mabega yetu ni mamoja. Sikukasirika hata kidogo.

Nakupenda, mkaidi wewe.
Renata


Tucson
11 Machi 2007

Renata wangu,

Skafu na kofia vimefika, vinanuka vitunguu saumu, nimevivaa ndani ya nyumba siku nzima na Lucille ameniona kichaa. Mwambie mama yako asante. Kuhusu alivyoshuka kwenye gari, muulize mwenyewe. Mimi nilimfungulia mlango tu, nikampa mkono, tukasimama hapo muda mrefu.

Barua ya chuo hiyo ibandikwe kwenye fremu, siyo kwenye jokofu. Gutowski amenipigia simu, nimepokea. Anasema hatanisamehe kuhusu mama yake, na anataka nirudi kutoboa matufe. Kabla hujaenda Nebraska nitakutobolea mapya mawili. Nitakuja Pasaka. Goti litaelewa.

Sasa hili la jina. Sikukosea jina.

Wewe nilikuona vizuri, unafuta tufe. Yeye Corey alisimama kushoto kwako, shati lake la bluu, anajisugua mkono. Nilipomwona ndipo nikanyamaza, siyo koo. Nilikuwa nimemzoea. Miaka mitatu hii nimeishi naye huku: kwenye foleni ya duka, kanisani, kwenye kochi la Lucille jua likiwaka. Hasemi kitu. Anajisugua mkono na kunitazama, anangoja nifungue mdomo. Nami nikageuza uso kila mara, kwa sababu mwenye straiki hasemeshwi.

Siku ile nikamsemesha. Ulipokwenda kukaa, naye alikuja akakaa, kiti cha pembeni yako. Alikaa kwa uchovu, kama mtu aliyesimama siku nyingi. Mama yako aliuliza mara tatu. Wewe ulijibu mara mbili. Siku ukipata nafasi muulize ile ya tatu alikuwa anamwuliza nani, maana mimi nilikuwa nimesimama hapo na niliona alikokuwa akitazama: kile kiti cha pembeni.

Sijamwona tena. Nilidhani siku akiondoka nitapumua. Jana Lucille alinituma maziwa. Nikasimama kwenye foleni, nikageuka nyuma kama kawaida yangu, nikakuta mwanamke na watoto wake. Nikawapisha wapite. Nikawapisha na waliofuata. Nilisimama pale mpaka msichana wa kaunta akaja kuniuliza kama nimepotea, nikarudi nyumbani bila maziwa.

Nenda Nebraska, mjukuu wangu. Ukifika niandikie, na uandike upesi, mambo yoyote, hata ya mahindi. Huku kumenyamaza sana.

Babu yako,
Walter